Kabla Video Haijaanza

Butimba, Mwanza
Jumamosi, 14 Septemba

Dada Modesta,

YAH: KUFIKIWA KWA FA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninayo heshima kukutaarifu rasmi kwamba siku ya Jumanne, tarehe 10 mwezi huu, saa kumi na moja na robo jioni, nikiwa jikoni kwangu mbele ya mashahidi wawili, yaani mke wangu Getruda na kuku mmoja aliyekuwa akisubiri Jumapili yake, mimi mdogo wako nilipanda kwa sauti kutoka do, nikapita re, nikakanyaga mi, nikaifikia fa mahali pale pale inapokaa, si juu yake wala si chini yake. Getruda alithibitisha kwa kusema kwamba safari hii meno hayakumuuma. Kuku hakutoa maoni.

Baada ya taarifa hiyo nzito, shikamoo dada. Natumaini magoti yamepunguza kuuma, shemeji yu mzima, na yule mtamba wako mwekundu ameacha kuingia kwenye mihogo ya watu. Sisi huku hatujambo. Getruda ameshika kiuno kwa sababu ya kufua mapazia yote kwa siku moja, ingawa hakuna aliyemtuma. Michembe ya viazi uliyomkabidhi Yunus wa basi ilifika, walau nusu yake. Nusu nyingine Yunus anasema ilimwagika njiani, nami nimemwamini, ila alikuwa akitafuna kitu wakati ananieleza.

Sasa nije kwenye simu yako ya wiki iliyopita. Ulisema kwaya yenu imeiona ile video yangu ya jubilei ya parokia, ile ya dakika mbili na nusu ninapouanza wimbo peke yangu kanisa zima likiwa kimya, na kwamba mwenyekiti wenu Mama Kija ameitazama mara nne na kufuta machozi. Ukasema mmekaa kikao na kupitisha kwa kauli moja kwamba nije Sengerema wiki nzima niwafundishe nota, maana sikukuu ya somo wa kigango chenu ni Novemba na mmechoka kuimba kwa kukariri. Ukasema pia kwamba umeshawaahidi kwa jina lako, kwamba kaka yao wa Mwanza ni mtaalamu wa nota tangu zamani. Uliposema hilo la mwisho ndipo nikadai mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima, dada. Aliyekatika ni mimi.

Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unacheka kabla sijafika katikati, nami nacheka, halafu tunahamia kwenye ng'ombe na jambo lenyewe linabaki barazani. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Jibu lako litakuja, lakini ili ulielewe lazima nianzie mbali kidogo, na nikianzia mbali lazima nianzie kwa Shimba.

Unamkumbuka Shimba, yule bonge la mtu aliyekuwa akisimama kulia kwangu kwenye sauti ya nne, yaani besi. Mimi ni mwenyekiti wa sauti ya nne kwa miaka kumi na tisa, unajua. Mazoezini nilikuwa nashika karatasi ya nota, nakunja uso, naweka alama kwa penseli, na mwenzangu akipotea namwonyesha kwa kidole mstari uliko. Watu waliniheshimu. Hakuna aliyewahi kuuliza zile alama zangu maana yake nini, na hiyo ilikuwa bahati kwa sababu nyingine zilikuwa orodha ya sokoni.

Ukweli ni kwamba nota sikuzijua. Zile herufi, d, r, m, f, s na wenzake, nilizitambua kama unavyotambua majirani wa mtaa wa pili: sura unaijua, jina unalijua, lakini huwezi kusema anaamka saa ngapi. Nilichofanya miaka yote hiyo ni kuegemea bega la Shimba. Akipanda napanda, akishuka nashuka, nikiwa nyuma yake kwa kiasi kidogo sana hivi kwamba wengi walidhani ni mwangwi wa kanisa.

Mwaka jana mwishoni Shimba akastaafu, akahamia Misungwi kufuga. Kwenye sherehe ya kumuaga nilitoa hotuba nikalia sana. Watu wakasema Nestory ana upendo. Sikuwa namlilia yeye.

Mwezi wa tatu tukapata mwalimu mpya wa kwaya, binti anaitwa Precious, mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na saba, mwembamba kama kalamu. Ni mwenye adabu mno. Ananiamkia shikamoo baba, anangoja niitikie marahaba, halafu ndipo ananimaliza. Siku ya kwanza tu alisema anataka kumsikia kila mtu peke yake. Ilipofika zamu yangu nilimweleza kwamba koo lina matatizo. Wiki ya pili koo likaendelea. Wiki ya tatu nilifika nimevaa skafu ya sufu shingoni, joto la Mwanza unalijua mwenyewe, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi. Akanipa pole sana akasema nipumzike.

Aliyeniuza ni mke wangu. Walikutana sokoni, Precious akamuuliza mzee anatumia dawa gani ya koo, Getruda akamjibu kwamba hajui habari za koo lolote, na kwamba asubuhi ile ile mzee alikuwa amemfokea fundi wa bomba hadi watu wakatoka nje kuangalia.

Precious akaja nyumbani Jumamosi. Akakataa soda, akakaa kwenye kigoda, akaniomba niimbe besi ya ule wimbo wetu wa Noeli ambao nimeuimba tangu Getruda akiwa mchumba. Nikaona hapo sasa ndipo pangu, nikauimba wote kwa kichwa. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole kwa nini kila nikifika mstari wa pili nakohoa kidogo. Nikamjibu kwamba ndivyo ulivyo wimbo. Akasema ameitazama karatasi yake na haoni kikohozi. Shimba alikuwa anavuta sigara kali. Kumbe miaka kumi na tisa nimekuwa nikikohoa kikohozi cha mtu mwingine, kwa wakati wake kamili, nikidhani ni sehemu ya sifa.

Ikabidi niseme. Lakini unanijua, sikusema kama mtu anayetubu, nilisema kama wakili. Nilimweleza kwamba sisi watoto wa Mihayo hatukupewa sikio, kwamba baba yetu mwenyewe alikuwa akiwapigia ng'ombe mluzi wanakwenda upande mwingine, na kwamba kwa maoni yangu kila mtu huzaliwa na jalada lake likiwa limeshaandikwa na kufungwa: huyu ataimba, huyu atapiga hesabu, huyu atabaki kubeba viti. Nilimwambia nimefanya kazi masjala miaka ishirini na nane, najua jalada lililofungwa likoje.

Akaniuliza kama na majalada nilizaliwa nikiyajua. Nikacheka. Akasema anauliza kweli. Basi nikajikuta namsimulia jambo ambalo hata wewe sijawahi kukwambia. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliweka jalada la mgogoro wa kiwanja cha mzee mmoja wa Magu kwenye kabati la chanjo za mifugo, likakaa humo miezi minane. Mzee wa watu alikuwa akija kila Jumatatu, ananisalimia, ananiuliza, namwambia linashughulikiwa. Nilipoligundua nilikaa sakafuni. Ndipo nikaanza kuandika kila jalada kwenye daftari langu kabla halijatoka mkononi, na leo mkuu wa ofisi akitaka barua ya mwaka wowote ananiita mimi. Precious alisikiliza yote, akasema kwamba kwa jinsi anavyosikia, hata wakati ule wangeweza kuandika kwamba Nestory hakuzaliwa na majalada, wakalifunga jalada langu. Halafu akaaga. Nilibaki nimekaa kwenye kiti kama niliyepigwa na kitu laini.

Mafunzo yakaanza Jumanne iliyofuata. Sharti lake lilikuwa moja. Aliniambia makosa hayamsumbui hata kidogo, ila kosa la wiki iliyopita asilisikie wiki hii. Kila Jumanne nimletee jipya. Mara ya kwanza nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaona kwamba alikuwa akiyaandika kweli, kwenye daftari la mistari, na nikirudia la zamani ananionyesha tarehe yake. Mtu wa masjala huwezi kubishana na tarehe.

Yaliyofuata ni aibu tupu lakini ucheke tu. Nilifanya mazoezi bafuni, jirani akamuuliza Getruda kama tumenunua ndama. Nilifanya mazoezi masjala nyuma ya makabati, mkuu akaagiza feni ikafunguliwe, akidhani inasaga. Fa ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Precious alinieleza kwamba kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi, nusu ya nyingine, na mimi nilikuwa nairuka kama mtaro. Kila nikifika hapo najikuta uani kwa watu. Getruda akasema kama mtu hawezi kupiga hatua fupi basi ndiyo maana mapazia yanafuliwa na mwanamke peke yake. Sikuona uhusiano.

Mwezi wa tano nilitaka kuacha. Nilimwendea Precious nikamwambia anapoteza wakati wake kwa mzee wa miaka hamsini na mbili. Hakunibembeleza. Alifungua daftari lake akanisomea makosa yangu ya mwezi wa tatu kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anayesoma matangazo ya ndoa. Nilishangaa, dada. Mengine sikukumbuka hata kama niliwahi kuyafanya. Nilikuwa nimeyapita bila kuagana nayo. Nikarudi kwenye mstari.

Ulipokaribia mwezi wa nane akatangaza wimbo wa jubilei. Unaanza na besi peke yake, vipande vinane, bila kinanda. Akasema nitauanza mimi, na nitausoma kwenye nota, sitaukariri. Wenzangu wakapiga makofi maana wao walijua mwenyekiti ni mtaalamu tangu enzi. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kama ningeshindwa pale, mbele ya parokia nne na mapadre kumi na mmoja, kila mtu angejua hapo hapo kwamba mwenyekiti alikuwa anaegemea. Na kama ningeweza, wangeendelea kuamini uongo wa miaka kumi na tisa. Sikujua ni lipi baya zaidi, nikaamua nitajua nikishaimba.

Haya, sasa kaa vizuri, maana ninachokwambia hapa Getruda anakijua nusu tu.

Siku yenyewe, Jumapili ile ya Agosti, nilivaa joho jipya alilolishona Mastura, jirani yetu. Mastura si wa dini yetu lakini alikuja na kanga nzuri akakaa benchi la pembeni na simu yake, anasema anataka kuona majoho yake yakitembea. Akaanza kurekodi tulipokuwa tunasimama. Precious akanipa do. Nikaishika. Nikaimba kipande cha kwanza vizuri, cha pili vizuri. Nikawaza kwamba kumbe inawezekana, na nilipowaza hivyo nikaacha kutazama karatasi. Jicho na bega vikageuka vyenyewe upande wa kulia, kumtafuta Shimba.

Hakuwepo Shimba. Alikuwepo Nathaniel, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima mwenye watoto watatu, naye alikuwa ananitazama mimi kwa imani yote. Sauti yangu ikaenda mahali ambapo hapana jina. Haikuwa fa wala haikuwa jirani wa fa. Ikatetemeka, ikazimika.

Kanisa likanyamaza. Mzee mmoja mstari wa mbele akasema amina kwa sauti, nadhani ili kunisaidia. Mtu wa nyuma akaanza makofi akidhani tumemaliza, mkewe akamshika mkono. Mimi nikaingiza mkono mfukoni. Huko mfukoni, dada, kulikuwa na leso nyeupe niliyoiweka makusudi tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshajipangia kwamba nikikwama nitaiweka mdomoni, nitashika koo, nitakohoa mara mbili na kutoka nje nikiwa mgonjwa, na Precious hataweza kufanya lolote. Nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo, na kwa kweli niliiweza kuliko nota.

Leso niliitoa. Nikamtazama Precious. Hakuwa amekasirika, wala hakutabasamu kunipa moyo. Alikuwa amerudisha mkono pale pale wimbo unapoanzia, kama tulivyozoea Jumanne, anangoja kuona nitaleta nini. Ukimya ule ulinitoa jasho kushinda ile skafu. Nikafuta uso kwa leso, nikairudisha mfukoni, nikasema kwa sauti ambayo hata mapadre waliisikia kwamba samahani, nimepotea, naomba nianze tena.

Nikaanza tena. Safari hii macho sikuyatoa kwenye karatasi hata nzi aliponitua puani. Fa iliingia juu kidogo, kipande cha saba nilikiharakisha, lakini nilifika mwisho kwa miguu yangu mwenyewe, na sauti nyingine tatu zilipoingia nilihisi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta taa imewashwa.

Video mliyoiona inaanzia hapo. Inaanzia pumzi moja baada ya mimi kuomba samahani.

Mastura alirekodi yote. Jioni ile nilikwenda kwake nikamwomba akate mwanzo. Akaniuliza kwa nini, maana yeye kilichomgusa ni hapo hapo nilipoomba kuanza tena, na amemwonyesha hadi mama mkwe wake. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Akakata, kwa shingo upande. Halafu niliichukua mimi mwenyewe nikaituma kwenye kundi letu la ukoo, nikaandika chini yake kwamba sifa zote ni kwa Mungu, ili nionekane mnyenyekevu. Ndiyo iliyofika kwako, ndiyo aliyoililia Mama Kija, na ndiyo uliyoitumia kuweka jina lako mbele ya kwaya nzima. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Nilikuwa nimeshaandika jibu jingine kabla ya hili, la kwamba ofisi imeninyima likizo. Nilikwisha hata kulikunja. Likizo ninayo, siku ishirini na nane, haijaguswa. Sikuweza kulituma kwa sababu kazini kote na kwaya yote nimekwisha waambia ukweli kuhusu Shimba na lile bega. Niliwaambia Alhamisi baada ya jubilei. Walicheka robo saa nzima, halafu watatu kati yao wakakiri kwamba wao walikuwa wananiegemea mimi. Umebaki wewe, na wewe ndiye niliyekuwa namwogopa zaidi, kwa kuwa umenisifia kwa watu tangu tukiwa wadogo na sikuwahi kukurekebisha.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mastura bado anayo ile ndefu. Amenihamishia kwenye kadi ya memori, nimeifunga kwenye kipande cha gazeti, Yunus atakukabidhi pamoja na barua hii. Waonyeshe kwaya yako yote, Mama Kija akiwemo, kabla hawajanitengea chumba. Waambie anayekuja si mtaalamu. Ni mtu aliyewatangulia kwa miezi sita, anayejua vizuri mahali pote pa kupotelea kwa sababu amepita huko juzi tu. Naweza kuwafikisha hadi fa, na kwa siku ambayo upepo ni mzuri hadi so. Precious amekubali kuja siku mbili za mwisho kurekebisha nitakayokuwa nimeyaharibu. Wakisema wanataka mtu mwingine, nitaelewa, na aibu utakayoipata wewe kwa ajili yangu nitakuja kukuomba radhi kwa miguu yangu. Wakisema nije, niambie tarehe tu.

Lakini uitazame kwanza wewe peke yako, ukiwa umekaa. Pale ninaponyamaza ni parefu kuliko unavyofikiri. Mastura amehesabu, anasema sekunde kumi na moja. Usiparuke.

Msalimu sana shemeji na majirani wote wanaonifahamu. Getruda anasema magoti uyakande kwa maji ya moto yenye chumvi, na kwamba mapazia yamekauka. Tunawaombea mvua njema za mwanzo na afya nyumba nzima.

Ni mimi mdogo wako,

Nestory Mihayo